TABIA NDIYO HATIMA: MAISHA YA GAKAARA WA WANJAU

Mwaka huu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alitutaka kila mmoja aandike juu ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, mtu ambaye maisha yake yanaweza kumfaa mwanafunzi. Wenzangu wengi walimkimbilia Dedan Kimathi, na si ajabu, kwani yeye ni mtoto wa papa hapa Tetu. Wengine walichagua wafalme wa mbali ambao hata majina yao yanawapiga chenga. Mimi nimemchagua mwandishi. Jina lake ni Gakaara wa Wanjau. Alifariki mwaka wa 2001, kabla hata sijazaliwa, lakini naweza kusema bila kutia chumvi kwamba ndiye aliyenirudisha darasani.

Kabla sijasimulia maisha yake, sharti nikiri jambo moja. Si wengi hapa Giakanja wanaojua kwamba mimi nilianzia kidato cha kwanza katika shule nyingine, ambayo sitaitaja jina. Nilipokuwa kidato cha pili, tuligoma kwa sababu ya chakula. Githeri ilikuwa na wadudu, hilo ni kweli, na tulikuwa tumelalamika mara nyingi. Lakini usiku ule mambo yalizidi. Watu walianza kupiga kelele, taa zikazimwa, na mimi niliokota jiwe nikalirusha kwenye dirisha la bwalo. Sikusukumwa na mtu. Mkono ulikuwa wangu na jiwe nililichagua mwenyewe. Kesho yake nikapewa barua, nikafunga sanduku langu nikaenda nyumbani.

Baba hakunichapa. Hakuniambia neno. Nilikaa nyumbani majuma matatu nikilala mpaka jua linapanda, nikiamka nakula, nikimaliza kula narudi kulala. Nilijiambia kwamba hatima yangu imeshaandikwa, basi hakuna haja ya kujisumbua. Ndipo guka, babu yangu mzaa baba, akaniita nimsindikize sokoni Karatina.

Guka ni mtu wa kusoma. Chini ya kitanda chake ana sanduku la mbao, na ndani yake mna magazeti makuukuu, na vijitabu ambavyo karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Tulipokuwa ndani ya matatu, tukitoka mjini Nyeri kupitia Marua, alianza kunieleza habari za mtu aliyekuwa akichapisha vijitabu hivyo pale Karatina. Guka akiwa kijana alikuwa akivinunua kila alipopata senti kidogo. Hayo aliyonieleza, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo haya.

Gakaara wa Wanjau alizaliwa mwaka wa 1921 upande wa Tumutumu, Mathira, karibu na Karatina. Wakati huo Tumutumu palikuwa na misheni ya Kanisa la Skoti, yenye shule na hospitali, na baba yake alikuwa mhubiri wa kanisa hilo. Kwa hiyo Gakaara alikulia katika nyumba yenye vitabu, jambo lililokuwa nadra siku hizo. Alisoma vizuri hata akapata nafasi katika shule ya Alliance kule Kikuyu. Hebu fikiria, msomaji. Nchi nzima ilikuwa na shule chache mno za sekondari za Waafrika, na kijana aliyeingia Alliance alihesabiwa kuwa ameshafika. Kazi ilikuwa inamngoja na kijiji kizima kilikuwa kinamngoja.

Mwaka wa 1940 ndoto hiyo ilikatika. Kulizuka mgomo wa wanafunzi juu ya chakula, na Gakaara akawa miongoni mwa waliofukuzwa.

Guka alipofika hapo nilikaa wima kwenye kiti. Nilifurahi, hata sikudanganyi. Kumbe hata watu wakubwa waligoma! Nikadhani guka amenileta Karatina kunifariji na kuniambia kwamba jiwe langu halikuwa kosa. Lakini mzee aliniangalia kwa jicho la pembeni, akaniuliza kama najua Gakaara alifanya nini baada ya kufukuzwa. Nikasema sijui. Akaniuliza tena, na mimi je, katika majuma hayo matatu nimefanya nini? Sikuwa na jibu. Nilitazama nje dirishani, nikajifanya nahesabu mikahawa.

Gakaara hakulala. Mwaka ule ule aliingia jeshini. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimepamba moto na Waingereza walihitaji watu. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, alipewa kazi ya karani. Maelfu ya vijana wa Kenya walikwenda vitani wakati huo, wengine hadi Ethiopia na Burma, na huko waliona mengi. Walimwona Mzungu akiogopa na akifa kama mtu mwingine yeyote. Waliporudi nyumbani, wakakuta ardhi ni ile ile iliyochukuliwa, kipande ni kile kile shingoni, na mshahara ni ule ule mdogo. Wengi walivunjika moyo. Wengine waliingia ulevini. Gakaara yeye alinunua karatasi.

Mwaka wa 1946 alitoa kitabu chake cha kwanza cha hadithi kwa lugha ya Kikuyu, kiitwacho Uhoro wa Ugurani, kuhusu mambo ya posa na ndoa. Yeye na wenzake walianzisha kampuni yao ndogo ya kutoa vitabu vya Waafrika vilivyoandikwa na Waafrika. Leo jambo hili linaonekana dogo, kwa sababu kila duka lina vitabu. Lakini zamani hizo vitabu vya Kikuyu vilivyokuwapo vilikuwa karibu vyote vya misheni au vya serikali. Mwafrika kuandika hadithi yake mwenyewe, kuichapisha kwa fedha zake na kuiuza sokoni kwa senti chache, lilikuwa jambo la ujasiri. Hakungoja mtu amwambie kwamba yeye ni mwandishi.

Sasa hapa ndipo penye jambo linalotuhusu sisi wa Chama cha Kiswahili. Miongoni mwa vijitabu alivyoandika mwishoni mwa miaka ya 1940 kimoja kiliandikwa kwa Kiswahili. Kiliitwa Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Jina lenyewe linakueleza shabaha yake. Alitaka Waafrika wa makabila yote wakisome, ndiyo maana akatumia lugha ya wote. Aliwahimiza wasikubali kudharauliwa, wajitegemee na wawe na moyo usiokata tamaa. Mwalimu wetu mmoja alitueleza kwamba zamani watu walisema roho ya kiume wakimaanisha ushujaa, si lazima wa mwanamume. Utaona hivi punde kwamba hata mke wa Gakaara alikuwa nayo tele.

Ilipofika mwaka wa 1952 nchi ilikuwa inachemka. Viapo vilikuwa vinaliwa usiku. Gakaara aliendelea kuchapisha. Alitoa nyimbo za kuamsha watu, na mwezi wa Agosti akatoa kijitabu chenye imani ya Gikuyu na Mumbi, iliyopangwa kwa mtindo wa imani inayokaririwa kanisani. Mtoto wa mhubiri alichukua umbo alilolijua tangu utotoni akalitia maneno ya kudai ardhi na uhuru. Serikali ilikasirika sana.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, gavana Evelyn Baring alitia saini amri ya hali ya hatari. Usiku huo huo askari walisambaa wakiwakamata viongozi, akiwamo Jomo Kenyatta. Gakaara alikuwa miongoni mwa waliokamatwa katika msako huo. Hakuwa na bunduki wala panga. Silaha yake ilikuwa kalamu, na serikali iliiogopa vya kutosha hata ikampeleka kizuizini na kupiga marufuku maandishi yake kadhaa.

Alipelekwa Kajiado, kisha katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu. Hebu mfikirie mtu wa Tumutumu, aliyezoea ukungu na baridi ya mlima, akitupwa katika joto la pwani, mbu wakimla na maji yakiwa ya shida. Kisiwa hicho kina magofu ya Takwa, mji wa kale wa Waswahili uliohamwa karne nyingi zilizopita. Nikisoma ushairi wa Lamu darasani huwa namkumbuka Gakaara. Lamu ya washairi ilikuwa ng'ambo tu ya maji, naye akiwa huku nyuma ya seng'enge.

Wafungwa wa kizuizini hawakuhukumiwa na mahakama yoyote. Mtu aliyefungwa miaka mitatu hujua siku ya kutoka. Hao hawakujua. Ingekuwa kesho au isingekuwa kamwe. Nadhani hiyo ndiyo adhabu kali kuliko kazi ya kuvunja mawe, kwa sababu inamwambia mtu kwamba maisha yake hayako tena mikononi mwake, kwamba mwenye kuamua ni mwingine. Na ndilo jambo lile lile nililokuwa najiambia mimi kitandani, ingawa mimi nilikuwa na blanketi na chai ya maziwa.

Gakaara alifanya nini? Aliandika. Siku baada ya siku aliandika shajara kwa siri, yaani kumbukumbu za mambo yaliyotokea kambini. Aliandika nani kaletwa, nani kahamishwa, walikula nini, walipigwa vipi na walidai nini. Aliandika barua za kulalamikia hali yao. Kuandika huko kulikuwa hatari, kwani karatasi zikionekana ni kipigo, nazo karatasi zinachomwa. Alizificha. Alipohamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, alitafuta njia za kuzihifadhi. Hakuna aliyemlipa. Hakuna mwalimu aliyemsahihishia. Hakujua hata kama kuna mtu atakayesoma.

Hapo guka alinyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo limebaki kichwani mwangu. Alisema kwamba tabia ya mtu haipimwi anapotazamwa. Inapimwa pale ambapo hakuna anayejua kama amefanya au hakufanya. Gakaara angeacha kuandika, hakuna mtu ambaye angemlaumu.

Mkewe, Shifra Wairire, naye alikamatwa akawekwa kizuizini. Watoto waliachwa bila baba wala mama kwa muda. Hilo halisemwi sana tunaposimulia habari za mashujaa, lakini nadhani lisemwe. Msimamo wa mtu mmoja hulipiwa na nyumba nzima. Wairire alibeba mzigo huo na hakuutua. Ndiyo maana nikasema roho ya kiume haikuwa ya wanaume peke yao.

Kutoka Manda, Gakaara alipelekwa Athi River. Kambi hiyo ilikuwa ya namna nyingine. Humo wafungwa walihubiriwa, wakafundishwa na kushinikizwa usiku na mchana wakiri viapo vyao. Mateso ya pwani yalikuwa ya mwili na haya yalikuwa ya moyo pia. Huko Gakaara aliandika michezo ya kuigiza, na wafungwa wenzake wakaiigiza. Baadaye alikaa Hola, kule Tana River. Mwaka wa 1959 wafungwa kumi na mmoja waliuawa kwa kupigwa huko Hola, na habari hizo zikatikisa hata bunge la Uingereza. Mwanzoni mwa mwaka 1960 hali ya hatari iliondolewa. Gakaara alirudi kwao akiwa hai, na karatasi zake zikiwa salama.

Lazima niwe mkweli hapa. Si kila mwenye tabia njema alirudi. Wapo waliokuwa wavumilivu na wakweli kama yeye, wakafia kambini na kuzikwa bila majina. Kwa hiyo mimi siwezi kukuambia kwamba ukiwa na bidii na uadilifu mambo yako yote yatanyooka. Maisha si hesabu ya kujumlisha. Kuna mambo ambayo mtu hayachagui, kama vile kuzaliwa wapi, kutawaliwa na nani, kuugua au kupona. Ninachosema ni kwamba katika yale yaliyobaki mikononi mwake, hata yakiwa madogo kama kipande cha penseli, Gakaara hakuacha lolote lilale bure.

Baada ya uhuru alirudia kazi yake. Alifungua biashara ya uchapishaji, na hatimaye makao yake yakawa Karatina. Alitoa jarida la Gikuyu na Mumbi, ambalo ndilo guka alilokuwa akilinunua. Alitunga visa vya Wa-Nduuta, mtu wa vituko aliyewachekesha wasomaji huku akiwaonyesha makosa yao. Guka anasema watu walikuwa wakisomeana visa hivyo kwa sauti, na wasiojua kusoma wakasogeza viti karibu. Aliandika pia vitabu vya kufundisha watu kuandika lugha yao kwa usahihi. Hakuwa tajiri. Kuuza vijitabu kwa watu wenye mfuko mwepesi si njia ya kununua magari. Wapo wenzake wa kizuizini waliopata vyeo na mashamba. Yeye alibaki na wino.

Na ile shajara? Aliihifadhi zaidi ya miaka ishirini. Ilitoka kuwa kitabu mwaka wa 1983, kwa Kikuyu, kwa jina la Mwandiki wa Mau Mau Ithamirio-ini, yaani mwandishi wa Mau Mau akiwa kizuizini. Mwaka uliofuata, 1984, kitabu hicho kilipata Tuzo ya Noma, tuzo iliyokuwa ikitolewa kwa vitabu bora vilivyochapishwa Afrika. Alitunukiwa pamoja na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya Kikuyu na mtu aliyefukuzwa shule, juu ya mambo yaliyoandikwa kwa kujificha, kilisimama mbele ya Afrika nzima. Mwaka wa 1988 kilitolewa kwa Kiingereza, na leo wanahistoria wanaotaka kujua maisha ya kambini hawawezi kukipita.

Usidhani kwamba baada ya hapo alilala usingizi mnono. Mwaka wa 1986, wakati serikali ilipokuwa ikiwasaka watu wa Mwakenya, alikamatwa tena, akiwa mzee wa miaka sitini na mitano, kisha akaachiliwa. Mkoloni alikuwa ameshaondoka zamani, na bado kalamu ya mzee iliogopwa. Alipoachiliwa alirudi Karatina, akaendelea na kazi hadi alipofariki mwaka wa 2001.

Hayo ndiyo maisha ya Gakaara kwa ufupi. Tulipofika Karatina, guka hakunihubiria tena. Aliuza maparachichi yake, akanunua chumvi na mafuta ya taa, na kabla hatujapanda matatu ya kurudi akaingia dukani akaninunulia daftari moja na kalamu mbili. Hakusema ni za nini. Jioni hiyo niliandika barua kwa mwalimu mkuu wa ile shule ya zamani. Sikuomba kurudishwa. Niliandika kwamba malalamiko yetu ya chakula yalikuwa ya haki, na kwamba jiwe halikuwa la haki, na kwamba nitalipa kioo. Nililipa kwa kuchuma chai ya jirani likizo nzima. Mwezi uliofuata nikapata nafasi hapa Giakanja.

Tofauti kati ya malalamiko na jiwe nimeielewa kwa sababu ya Gakaara. Yeye alilalamika maisha yake yote, tangu kwa wakubwa wa shule hadi kwa wakubwa wa kambi, na baadaye kwa wakubwa wa nchi huru. Lakini alilalamika kwa wino, kwa jina lake mwenyewe, tena kwa subira. Jiwe langu lilirushwa gizani ili nisijulikane. Maandishi yake, hata yale ya kufichwa, yaliandikwa ili siku moja yasomwe mchana.

Wahenga walisema tabia ni ngozi. Wengi husema hivyo wakimaanisha kwamba mtu hawezi kubadilika. Mimi sasa naielewa methali hiyo kwa namna yangu. Askari wa Manda waliweza kumnyang'anya Gakaara nguo, nyumba na uhuru, lakini ngozi yake waliiacha kwa kuwa haivuliki. Alikwenda nayo kila kambi, akarudi nayo nyumbani. Hata hivyo ngozi hiyo hakuzaliwa nayo ikiwa ngumu. Aliikomaza mwenyewe, siku kwa siku, kwa kufanya leo kile alichofanya jana.

Ewe mwanafunzi mwenzangu, hasa wewe wa kidato cha chini ambaye labda umepata alama mbaya, au umetumwa nyumbani kwa karo, au umefanya jambo ambalo unaona aibu kulitaja, usijilaze kitandani ukisema ndiyo imekwisha. Asubuhi ukitoka bwenini utauona mlima pale mashariki kama hakuna mawingu. Nyuma ya miguu ya mlima huo, upande wa Tumutumu, alizaliwa kijana aliyefukuzwa shule akawa mwalimu wa wengi. Chukua daftari. Anza na ukurasa mmoja.

Kwa hayo machache naiweka kalamu yangu chini, ila si kwa muda mrefu. Guka ameshaniuliza mara mbili kama ile ya pili bado ina wino.